Afya ya Mtu wa Makamo: Chumvi, Unga na Miguu

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kupita miaka 45, na baadhi yao wanaikaribia 60. Wana watoto wakubwa, pengine na wajukuu. Na walimu miongoni mwao sasa wanafundisha watoto wa wale waliowafundisha kwanza. Katika umri huu ndipo watu huanza kusema, "Hii ni presha tu, ni mambo ya uzee," kana kwamba shinikizo la damu huja pamoja na mvi, wala hapana la kufanya. Neno hili twataka kulipima leo, maana limewadanganya wengi. Mtu hana maumivu. Analima, anafundisha, anakula na kucheka na wenzake. Kisha siku moja anaamka, mkono mmoja hauinuki na mdomo umepinda. Jirani husema amerogwa. Daktari husema ni kiharusi, na ya kuwa mshipa ule uliopasuka au kuziba ubongoni ulikuwa ukiharibika kimya kimya kwa miaka mingi.

Je, ni kweli ya kuwa shinikizo la damu hupanda kwa sababu ya wingi wa miaka? Jawabu moja lapatikana karibu nasi sana, huko Kisii katika nchi ya Kenya. Palikuwa na daktari Mwingereza, jina lake Donnison, aliyefanya kazi katika wilaya iliyoitwa siku zile South Kavirondo. Alipima damu ya watu wapatao 1000, vijana kwa wazee. Kwao Ulaya ilijulikana ya kuwa kadiri mtu anavyozeeka ndivyo shinikizo linavyopanda, naye alitaka kujua kama ndivyo ilivyo kwa watu wote. Sivyo alivyoona. Vijana wa huko walilingana na vijana wa Ulaya; lakini baada ya miaka 40 njia ziliachana. La Wazungu lilizidi kupanda, na la wazee wa Kisii halikupanda, bali lilielekea kushuka. Habari hizi zilipigwa chapa mwaka 1929 katika gazeti la madaktari liitwalo The Lancet.

Hatusemi haya ili kusifu zamani. Watoto wengi walikufa siku zile kwa malaria na kuhara, na mama wengi walikufa katika kuzaa. Hapana mwenye akili atakaye kurudi huko. Twasema tu ya kuwa mishipa ya wazee wale ilikuwa laini katika umri ambao mishipa yetu imekuwa migumu. Basi kosa si la umri.

Wala si la damu ya ukoo. Daktari Hugh Trowell, ambaye baadaye akawa kasisi, alitibu na kufundisha Kenya na Uganda karibu miaka 30 tangu 1929. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika habari za mgonjwa mmoja Mwafrika aliyeugua mishipa ya moyo, nao waliziandika kama jambo geni. Leo hapana hospitali kubwa katika Afrika ya Mashariki isiyoujua ugonjwa huo. Watu ni wale wale na wajukuu wao. Yaliyobadilika ni chakula na kazi.

Wako wataalamu waliotaka kuyaona mabadiliko hayo yakitokea mbele ya macho yao. Walichagua Waluo waliotoka vijijini karibu na Ziwa Victoria wakaenda kukaa Nairobi. Waliwapima walipofika mjini, wakaendelea kuwapima, wakiwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Habari zao zilitolewa mwaka 1990. Shinikizo la damu la wale waliohamia mjini lilikuwa juu kuliko la wenzao, na tofauti hiyo ilionekana mapema, wala haikungoja miaka. Mkojo wao ulikuwa na chumvi nyingi zaidi, tena uzito wao ulikuwa umezidi. Na ile madini iitwayo potasiamu, ambayo twaipata katika mboga, maharage, viazi na ndizi, ilikuwa imepungua. Miaka miwili kabla yake, yaani 1988, ulitolewa uchunguzi mwingine mkubwa uitwao Intersalt, wa watu zaidi ya 10,000 katika nchi 32. Katika mahali pote palipopimwa, palikuwa na manne tu ambapo watu walikula chumvi kidogo sana, na katika hayo shinikizo halikupanda sana kwa umri. Mawili yalikuwa katika misitu ya Amerika ya Kusini, moja katika milima ya Papua New Guinea, na la nne lilikuwa mashambani Kenya.

Sababu yake si ngumu kueleza. Chumvi huvuta maji. Mtu akila chumvi nyingi, maji huzidi katika damu yake, nayo damu husukuma kuta za mishipa kwa nguvu kupita kiasi. Figo zapaswa kuitoa chumvi hiyo, na katika ujana huweza. Lakini figo za mtu wa makamo zimepungukiwa na nguvu, na kuta za mishipa zimeanza kukakamaa. Potasiamu huzisaidia figo kuitoa chumvi. Kwa hiyo mtu aliyezidisha chumvi na kupunguza mboga amejidhuru mara mbili. (Mwenye ugonjwa wa figo asizidishe vyakula vyenye potasiamu kabla ya kuuliza kwa daktari.)

Basi tuingie jikoni. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate na vyakula vya dukani. Watu wakisikia hivyo hujibu, "Sisi hatuli chumvi nyingi." Iko njia nyepesi ya kujua. Mama wa nyumba afunguapo pakiti ya chumvi ya nusu kilo, aandike tarehe juu yake. Katika nyumba ya watu wazima sita, pakiti hiyo yapasa kudumu siku 16 na zaidi. Ikiwa imekwisha siku ya kumi, mabishano yamekwisha pia. Na penye watoto yafaa idumu zaidi, kwa kuwa kiasi chao ni kidogo. Chumvi inunuliwe iliyotiwa madini joto, kwa sababu ya ugonjwa wa rovu, ila itumike kidogo.

Iko na chumvi isiyoonekana. Vile vidonge vya kuungia mchuzi vimejaa chumvi, na anayevitumia kisha akatia na chumvi yake ametia mara mbili. Magadi yanayotiwa katika maharage na mboga za majani ili yaive upesi ni ya jamii hiyo hiyo, na mwili huyahesabu pamoja. Samaki wa chumvi alowekwe, na maji yamwagwe. Chupa ya chumvi iondolewe mezani kabisa. Sisi twaona hili ni jambo la kwanza, maana baba wengi huinyunyiza kabla hata ya kuonja, na mama aliyepika huona haya kusema neno. Juma la kwanza na la pili chakula kitaonekana hakina ladha. Baada ya majuma machache ulimi huzoea, na chakula cha zamani huonekana kichungu kwa chumvi. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili husaidia sana katika siku hizo za kuzoea.

Katika habari ya unga, desturi ya kupenda sembe nyeupe imetuponza. Mahindi yakikobolewa, ganda na kiini huenda kwa kuku na ng'ombe, nao hupata vitamini na nyuzinyuzi, na sisi twabaki na wanga mtupu ambao hugeuka sukari upesi mwilini. Dona hushibisha zaidi, na choo huwa chepesi. Lakini mahindi ya dona yawe makavu, yasiyo na kuvu. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya, watu 125 walikufa kwa sumu ya kuvu iliyokuwa katika mahindi yaliyohifadhiwa yangali na unyevu. Dona la mahindi yaliyooza halina faida kwa mtu yeyote.

Tena kilima cha ugali kinachomfaa kijana anayelima tangu alfajiri hakimfai babu yake anayeketi ofisini. Mtu wa makamo apunguze kilima, azidishe mchicha, kisamvu, kunde na choroko, hata mboga zichukue nusu ya sahani. Chai ya vijiko vitatu vya sukari, ikinywewa mara nne, ni vijiko kumi na viwili kwa siku. Na chupa moja ya soda ya mililita 300 ina sukari ipatayo gramu 30. Hapa ndipo kisukari kinapoanzia, nacho ni ndugu wa presha, mara nyingi hukaa nyumba moja.

Sasa tuitazame miguu. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitoa habari za wafanya kazi wa mabasi ya London yenye orofa mbili. Dereva na kondakta walikuwa watu wa hali moja na mshahara usiopishana sana, tena walisafiri katika basi moja. Lakini dereva aliketi, na kondakta alipanda na kushuka ngazi kukata tiketi siku nzima. Madereva waliugua moyo zaidi kuliko makondakta, na wengi zaidi walikufa ghafula. Morris mwenyewe alizidi kufanya mazoezi mpaka uzeeni, akafa mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Walimu na makarani wa siku hizi ni madereva wa basi lile. Yatosha kutembea upesi nusu saa kwa siku, siku tano katika juma. Upesi, yaani mtu aweze kuzungumza lakini asiweze kuimba. Mwalimu ambaye shule yake iko kilometa mbili tu na nyumbani, na ampungie mkono mwenye bodaboda apite zake. Kutembea peke yake hakutoshi, kwa kuwa misuli hupungua katika umri huu. Mara mbili kwa juma mtu afanye kazi ya nguvu: alime bustani, achote maji (wake zetu wamefanya zoezi hili muda mrefu, si vibaya wanaume wakiwapokea ndoo), au aketi kitini na kuinuka mara kumi bila kushika kitu. Anayeshindwa kuinuka bila mikono ameonyeshwa mapema mahali pa kuanzia. Mwenye maumivu ya kifua au kukosa pumzi apimwe kwanza.

Na kupimwa ni kwa kila mtu wa umri huu, awe mnene au mwembamba, mara moja kwa mwaka angalau. Kabla ya kupimwa aketi kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono umelazwa sawa na moyo. Asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta tumbaku nusu saa iliyotangulia. Hesabu ikifika 140 juu au 90 chini, apimwe tena siku nyingine, maana kipimo kimoja chaweza kupandishwa na hofu au haraka. Akipewa dawa, ajue ya kuwa dawa hii si kama ya malaria, inywewe siku tatu na kuachwa. Wengi huacha kwa kuwa wajiona wazima, na uzima huo umeletwa na dawa yenyewe. Ikiwa chumvi imepungua na mwendo umezidi, yawezekana kiasi cha dawa kipunguzwe. Lakini hilo aliamue daktari aliyeitoa, naye mgonjwa ampelekee daftari lenye vipimo vyake na tarehe zake.