Utangulizi: Mvua ya Kirinyaga, Nyanya ya Kayole

Kila mwaka ukifika mwezi wa Mei, lalamiko ni moja katika vibanda vya Umoja, Kayole na Kariobangi. Mvua imenyesha hadi barabara zimegeuka mito, sukuma wiki imejaa tele, basi mbona nyanya zimepanda bei, tena ni laini na hazimalizi siku mbili? Mnunuzi humlaumu mama mboga, mama mboga humlaumu dalali wa Marikiti, naye dalali ana wake wa kulaumu huko Mwea. Sababu yenyewe iko angani. Mvua ile ile inayolainisha jani la sukuma na kulishusha bei ndiyo inayoiua nyanya shambani. Hapo ndipo inapoanzia taaluma ninayokukaribisha katika kitabu hiki: elimu ya jinsi jua, mvua, baridi na upepo vinavyoamua rangi, utamu na ugumu wa mboga na matunda ya biashara, na siku yatakazodumu baada ya kuchumwa.

Tuanze na nyanya, kwa kuwa hakuna zao linaloonyesha mambo haya waziwazi zaidi. Nyanya unayoichagua leo ilikuwa ua siku 45 hadi 60 hivi zilizopita, pengine Kirinyaga, pengine Kimana upande wetu wa Kilimanjaro. Hali ya hewa ya siku zote hizo imeacha alama juu yake. Lile doa jeusi la kitakoni, ambalo wengi hudhani ni ugonjwa wa kuambukiza, ni upungufu wa kalisiamu ndani ya tunda. Madini hayo husafiri pamoja na maji, hivyo mmea ukikaa na kiu kisha ukamwagiliwa kwa pupa, tunda hukosa sehemu yake hata kama udongo umejaa kalisiamu. Mvua kubwa baada ya kiangazi hulijaza tunda maji upesi kuliko ngozi inavyoweza kutanuka, nayo ngozi hupasuka karibu na kikonyo. Rangi pia ina masharti yake. Laikopini, yaani ule wekundu, hujengeka vizuri katika joto la nyuzi 20 hadi 25 hivi za Selsiasi. Joto likikaa juu ya nyuzi 30, wekundu hudorora ilhali rangi ya manjano inaendelea kujengeka. Ndiyo maana baadhi ya nyanya za nyanda za chini, katika miezi ya jua kali, hubaki na rangi ya chungwa ingawa zimeiva kabisa. Mteja wa Buruburu huzirudisha akidhani ni mbichi.

Na ile nyanya ya Mei? Majani yakikaa na unyevu kwa saa nyingi huku hewa ikiwa ya ubaridi, huingia bakajani chelewa, maradhi ya kimelea kiitwacho Phytophthora infestans. Ndicho kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia 1845 na kuleta njaa kuu, na huhama kwa urahisi kati ya nyanya na viazi, kwa kuwa mimea hiyo ni ya ukoo mmoja. Shamba lililokuwa la kijani Jumatatu laweza kuwa limeungua kabla wiki ya pili haijaisha. Mkulima hupulizia dawa, mvua huiosha, hupulizia tena, na gharama yote hiyo huingia katika bei. Hata tunda linaloponea huwa limenyweshwa maji mengi chini ya mawingu, kwa hiyo sukari yake ni hafifu na ngozi yake haivumilii safari. Uchache na udhaifu wa nyanya hiyo una chanzo kimoja.

Mtu anayejua hayo akizunguka Soko la Wakulima, tunaloliita Marikiti, asubuhi na mapema, husoma hali ya hewa ya nusu ya Afrika Mashariki. Kabichi na viazi vimeshuka kutoka Kinangop na Ol Kalou, maembe ni ya Makueni na Embu, vitunguu vingi vimepita Namanga kutoka Tanzania. Kitunguu cha Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, kina sifa ya kudumu, na sababu yake ni ya kihali ya hewa: huko ni nchi kavu inayomwagiliwa kwa maji ya chemchemi, hivyo mkulima anaweza kuyakata maji mwishoni ili shingo ya kitunguu inyauke na kufunga. Kitunguu kilichong'olewa kwenye mvua hubaki na shingo nene iliyo wazi, nacho huoza kuanzia ndani. Viazi navyo, hasa Shangi inayochipua upesi, vikichimbwa udongo ukiwa tope ngozi huchubuka na gunia zima huvunda. Vikiachwa juani vigeuke kijani, si vya kununua kwa bei yoyote.

Kanuni moja hubeba sura nyingi za kitabu hiki: baada ya mavuno ubora hauongezwi, hupunguzwa tu, haraka au polepole. Ndizi na avokado huivia nje ya shamba, kweli, lakini huivia kwa akiba zilizotoka nazo huko. Mboga iliyochumwa bado inapumua, na kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka pumzi yake huenda kasi mara mbili hadi tatu. Kibanda cha mabati cha Dandora saa nane mchana wa Februari ni mahali pa kuzeeka upesi. Ndiyo maana mama mboga hunyunyizia sukuma maji na kuifunika gunia lenye unyevu; hakuna maabara itakayomfundisha hilo. Baridi ya Julai nayo si salama kwa kila kitu, kwani ndizi iliyokaa chini ya nyuzi 13 huiva vibaya na ganda lake hufifia.

Jioni mama mboga anaanza kukatakata. Sukuma iliyokatwa nyembamba hupoteza maji na vitamini C upesi zaidi, na joto huharakisha hasara hiyo. Wapo wenzangu wanaosema tabia hii ikomeshwe. Mimi naona hawajawahi kumpikia mtu anayeshuka Donholm saa moja usiku akitoka Eneo la Viwanda kwa miguu. La kutafiti ni jinsi ya kukata kwa kisu kikali, kwenye kivuli, karibu na wakati wa kuuza.

Kiangazi kina jambo jingine ambalo jicho halilioni. Mboga za Limuru zikipungua, za karibu na jiji zinazomwagiliwa mwaka mzima hupata nafasi, na miongoni mwake zimo za mashamba ya Maili Saba, upande wa Njiru, ambako maji taka yametumika kwa miaka mingi. Jani linalotoka hapo laweza kuwa pana na la kupendeza. Mtu anayepima ubora kwa macho peke yake atalisifu, ilhali wadudu wa magonjwa na madini mazito hayana rangi. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, suala hili lilikuwa la mezani kwetu kila siku. Kisha mafuriko ya Aprili 2024 yakaja na shida za aina nyingine, barabara zikakatika na mizigo ikachelewa.

Lazima niseme pia kuhusu upendeleo wa taaluma yenyewe. Sehemu kubwa ya kazi nzuri iliyofanywa Kenya ilifuata mazao ya kuuza nje. Nzi wa matunda kutoka Asia alipogunduliwa pwani mwaka 2003, watafiti wa icipe, taasisi iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970 na yenye makao Kasarani, walimwandama hadi kuachilia nyigu wadogo wanaomshambulia. Kenya ilisimamisha kuuza maembe Ulaya mwaka 2014 na ikarejea 2021. Katika miaka hiyo yote sisi wa Eastlands tuliendelea kula maembe, na viwango vya ubora wa embe letu havikuwa na msemaji. Vyumba vya baridi vilivyo imara zaidi vimejengwa kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Embakasi, kwa ajili ya maua na maharagwe ya kupelekwa ng'ambo. Umbali wa safari fupi ya matatu, nyanya za Tassia na Pipeline zimepangwa chini ya bati. Kwa maoni yangu huo ndio upungufu mkubwa kuliko wote katika fani hii, na hautaondolewa na chombo kipya cha kupimia.

Sura zinazofuata zina fizikia na kemia za kutosha, wala usizikimbie. Lakini kabla ya kufungua ya kwanza, nenda kwenye kibanda cha karibu nawe, umuulize mama mboga mzigo wake umetoka wapi na ulichumwa lini, kisha uandike tarehe, bei na siku ulizodumu jikoni kwako. Linganisha na taarifa za mvua za Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa kwa eneo hilo. Fanya hivyo mwaka mzima, masika na vuli, na ukimaliza uwaonyeshe wengine ulichokiandika, maana takwimu za namna hiyo za soko la nyumbani tunazihitaji sana.