Singa za mkonge zinavyoweza kuwa pedi za binti yako

Mzazi mwenye mabinti wawili waliovunja ungo hupiga hesabu ile ile kila mwezi: chakula, sabuni, nauli ya shule, pedi. Fedha zisipotosha, pedi ndizo hukatwa kwanza. Binti hutumia vitambaa chakavu au vipande vya godoro, au hubaki nyumbani mpaka siku zake ziishe.

Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye pedi mwaka 2004. Tanzania iliiondoa katika bajeti ya 2018/19, kisha ikairejesha mwaka uliofuata kwa maelezo kuwa bei madukani haikushuka. Lakini mbali na kodi, gharama huanzia kwenye kile kilichomo ndani ya pedi.

Sehemu inayonyonya damu katika pedi nyingi hutengenezwa kwa mbao zilizochakatwa hadi zikawa laini kama pamba. Sehemu kubwa ya malighafi hiyo duniani hutokana na misonobari ya kusini mwa Marekani. Nchi isiyoizalisha hulazimika kuiagiza kwa fedha za kigeni.

Siri iko kwenye selulosi

Kinachonyonya ni selulosi, yaani minyororo mirefu ya sukari aina ya glukosi inayojenga kuta za seli za mimea. Selulosi huvuta maji na kuyashika. Pamba karibu yote ni selulosi, ndiyo maana hulowa haraka.

Mkonge nao una selulosi nyingi, ila imegandamana na lignini, kitu kinachoupa mmea ugumu na kuzuia maji. Ndiyo maana kamba ya katani hainyonyi kama pamba.

Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akiwamo Profesa Manu Prakash, walichapisha njia ya kuondoa lignini hiyo katika jarida la Communications Engineering. Walitumia asidi ya peroksifomiki, kisha wakazichambua nyuzi mpaka zikawa laini. Gramu moja ilishika takriban gramu 23 za maji, zaidi ya pedi za dukani walizolinganisha nazo.

Kwa Afrika Mashariki habari hii ina uzito. Mkonge huvumilia ukame, na umelimwa Tanga tangu mwaka 1893.

Rwanda na Uganda zimeshajaribu

Mkonge si mmea pekee. Nchini Rwanda, shirika la Sustainable Health Enterprises limetengeneza pedi kwa nyuzi za shina la mgomba, ambalo hukatwa baada ya kuvuna mkungu. Nchini Uganda, Dk Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alibuni MakaPads, pedi za mafunjo na karatasi zilizotumika.

Usijaribu nyumbani

Matokeo ya mkonge ni ya maabara. Ili yafike dukani panahitajika kiwanda, vipimo vya usalama na kibali cha mamlaka ya viwango. Singa mbichi au maganda ya mgomba si pedi. Hukwaruza ngozi na huweza kubeba vijidudu, na asidi ile si ya kuchezea jikoni.

Kwa sasa, familia isiyomudu pedi za kutupa kila mwezi inaweza kutumia pedi za kitambaa cha pamba. Zifuliwe kwa sabuni na maji safi, zianikwe juani hadi zikauke kabisa, zisifichwe chini ya godoro zikiwa na unyevu. Pedi ya aina yoyote ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6, au mapema zaidi ikilowa.

Binti akipata muwasho, vipele, harufu isiyo ya kawaida au homa, au akilowanisha pedi nzima kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, apelekwe kituo cha afya. Naye baba asiliache jambo hili kwa mama peke yake. Pedi ziingie kwenye orodha ya mahitaji ya nyumbani, pamoja na unga na sabuni.