Uraibu wa Heroini na Hamu ya Sukari

Mtu anayeachana na heroini, au anayetumia dawa mbadala ya methadoni ili asirudi kwenye kete za heroini, mara nyingi huwa na hamu kubwa ya vitu vitamu, na jamaa wanaomwona akitia vijiko vitano vya sukari katika kikombe kimoja cha chai hudhani kwamba ulimi wake umekufa ganzi. Dhana hiyo ina ukweli kidogo tu, kwa kuwa seli za ulimi zinazotambua ladha hufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku 10 hivi, na sehemu kubwa ya jambo lenyewe imo ubongoni.

Ubongo hutengeneza endofini, yaani kemikali za asili zinazotuliza maumivu na kuleta raha, nazo hufanya kazi kwa kushika vipokezi vilevile vinavyoshikwa na opioidi, kundi la dawa lenye afyuni, mofini, heroini na methadoni. Utamu wa sukari nao hupita njia hiyo, ndiyo maana mtoto mchanga anayedondoshewa maji ya sukari ulimini kabla ya kuchomwa kisigino ili atolewe damu hulia kwa muda mfupi zaidi. Kinyume chake, mtu aliyepewa naltreksoni, dawa inayoziba vipokezi hivyo, huendelea kutambua kuwa kinywaji ni kitamu, ila raha ya kukinywa hupungua.

Kutambua utamu, kwa hiyo, si sawa na kuufurahia, na kuufurahia si sawa na kuutamani. Tofauti hii ya mwisho imechunguzwa sana na Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, ambaye alionyesha kwamba panya walioondolewa dopamini, kemikali inayosukuma tamaa, hawakuhangaika kutafuta chakula, lakini walipotiwa sukari mdomoni walijilamba kama kawaida. Heroini huvuruga mifumo yote miwili, wa raha na wa tamaa, na inapoondoka, wakati wa arosto, yaani mateso ya kuikosa, na hata miezi inayofuata, sukari huwa njia rahisi na halali ya kuupa ubongo sehemu ya kile ulichozoea.

Methadoni, ambayo Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011 kwa dozi inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu, ina jambo lake la ziada, nalo ni kukausha mate. Chakula hakionjeki vizuri kisipoyeyuka katika mate, na mwenye kinywa kikavu huikimbilia soda, ambayo chupa moja ya mililita 350 huwa na zaidi ya gramu 30 za sukari. Meno yasiyosafishwa na mate huoza upesi, na maumivu yaliyofunikwa na heroini kwa miaka hujitokeza baada ya mtu kuiacha, wakati ambao ni mbaya kuliko wote.

Soda ni afadhali mara nyingi kuliko kete, na kumsimanga mgonjwa kwa sababu ya sukari ni kumwonea. Anachohitaji ni kusukutua kwa maji kila anapomaliza dozi, kupiga mswaki kwa dawa yenye floridi mara mbili kwa siku, na kupelekwa kwa daktari wa meno mapema, kabla jino halijaanza kumuuma.