Seva Moja, Kazi Nyingi: Ofisi Ndogo Ijipange Kabla ya Kununua

Zahanati, shule au chama cha akiba na mikopo mjini Masumbwe kinaweza kujikuta na kompyuta tatu au nne, kila moja ikitunza kumbukumbu zake: wagonjwa, hesabu, barua. Ikiharibika moja, huduma ya dirisha lake husimama, na mwananchi aliyefika na risiti mkononi huambiwa arudi kesho.

Njia mojawapo ya kupunguza adha hiyo ni kutumia seva pepe. Ofisi hununua mashine moja imara, kisha programu maalumu, kama vile Proxmox au Hyper-V, huigawa katika seva kadhaa zinazojitegemea. Mfano wake ni nyumba ya kupanga: vyumba kadhaa, kila kimoja na ufunguo wake, chini ya paa moja. Mfumo wa hesabu ukikwama, ule wa wagonjwa huendelea. Wazo hili si jipya. Kampuni ya IBM ya Marekani ililifanyia kazi tangu miaka ya 1960.

Hata hivyo, paa likivuja, wapangaji wote hulowa. Mashine hiyo moja ikiungua, kumbukumbu zote hupotea kwa pamoja. Hivyo basi, mpango huanza na maswali mawili: ofisi inaweza kuvumilia saa ngapi bila mfumo, na iko tayari kurudia kazi ya siku ngapi? Majibu ndiyo yanayoelekeza matumizi ya fedha.

Hatua ya kwanza ni kuorodhesha kinachohitaji kukaa ofisini. Mifumo ya Serikali kama MUSE na TAUSI hutumika kupitia mtandao, hivyo haihitaji seva ya ofisi.

Hatua ya pili ni kukadiria uwezo. Kwa mfano, mfumo wa wagonjwa ukipewa gigabaiti 16 za kumbukumbu ya muda, hesabu 16, majalada 8 na programu inayoendesha mashine 8, jumla ni 48. Mashine yenye gigabaiti 64 hubakiwa na akiba ya 16 kwa mahitaji ya baadaye.

Hatua ya tatu ni umeme. Mvua za Kanda ya Ziwa huja na radi, na umeme unaokatika ghafla huweza kuharibu data. Seva iwe na waya wa ethi uliokaguliwa na fundi mwenye leseni, pamoja na kifaa cha UPS chenye betri ya kutosha kuizima kwa utaratibu. Aidha, chumba kiwe na hewa na kisiwe na vumbi.

Hatua ya nne, iliyo muhimu kuliko zote, ni nakala rudufu. Diski mbili zinazoandika kitu kilekile huikinga ofisi diski moja inapokufa. Haziikingi dhidi ya wizi, moto, kirusi au mtumishi aliyefuta faili kwa bahati mbaya, kwa kuwa kilichofutwa kwenye moja hufutwa kwenye zote. Inashauriwa kuwa na nakala tatu za data, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae nje ya jengo, ikiwa imefungwa kwa nywila.

Sheria nayo izingatiwe. Miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma hufuata Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Vilevile, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inazitaka taasisi za umma na binafsi kulinda taarifa za watu zinazozikusanya.

Mwisho, nakala ambayo haijawahi kujaribiwa haipaswi kuhesabiwa kuwa nakala. Angalau mara moja kila robo mwaka, ofisi irejeshe seva pepe moja kutoka kwenye nakala, ihesabu muda uliotumika, na kuuandika. Muda huo ndio utakaomwambia mwananchi ukweli pale dirishani: asubiri, au arudi kesho.