Hofu ya kuishiwa na chaji ina tiba, wasema watafiti

DEREVA wa gari la umeme huwa na jicho moja barabarani na jingine kwenye kipimo cha betri. Kila alama inaposhuka, moyo humuuliza: je, nitafika?

Hofu hiyo ilipewa jina katika gazeti la Marekani mnamo 1997, wakati kampuni ya General Motors ilipokuwa ikikodisha gari lake la umeme la EV1.

Hofu hiyo si bure. Tangi la petroli hujazwa kwa dakika chache, ilhali kuchaji gari nyumbani huchukua saa nyingi. Aidha, kilomita zinazoonyeshwa mbele ya dereva ni makadirio tu, kwani baridi, milima na mwendo wa kasi huzipunguza.

Wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Chemnitz, Ujerumani, waliwafuatilia madereva 40 walioendesha magari ya MINI E jijini Berlin kwa miezi 6. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2012, madereva hao waliridhika kutumia takriban asilimia 75 hadi 80 tu ya umbali ambao betri ingewafikisha.

Maana yake ni kwamba, betri ikiweza kwenda kilomita 160, dereva huacha kati ya kilomita 32 na 40 bila kuzigusa, ili tu atulize moyo.

Hata hivyo, madereva hawakuwa sawa. Waliojiamini katika kutumia mitambo, waliovumilia hali zisizo na uhakika na walioelewa vyema tabia ya betri yao, walithubutu kwenda mbali zaidi.

Nchini Japani, kampuni ya umeme ya Tokyo, TEPCO, iligundua kuwa wafanyakazi wake walikuwa wakirejesha magari betri ikiwa na zaidi ya nusu ya chaji. Baada ya mtambo wa kuchaji kwa kasi kuongezwa katika eneo lao la kazi, walianza kusafiri mbali zaidi na kurejea na chaji kidogo. Betri haikubadilika, kilichobadilika ni uhakika wa kupata msaada njiani.

Funzo hilo lina uzito kwa sababu betri ndiyo sehemu ghali zaidi ya gari la umeme. Anayeongozwa na hofu hulipia betri kubwa ambayo huenda asiimalize hata siku moja, na uzito wake hula umeme zaidi.

Humu nchini Kenya, wahudumu wengi wa bodaboda za umeme wamepunguziwa wasiwasi huo kwa njia nyingine: betri iliyoisha hubadilishwa kituoni kwa iliyojaa, kisha safari ikaendelea.

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba ya betri isiyotumika kamwe ni mzigo, na anayeubeba ni mwenye gari.