Nusu Sekunde ya Kiungo

Jioni, baada ya masomo, viwanja vya shule za sekondari za Musoma, Bunda na Butiama hujaa vijana wanaojiandaa kwa michezo ya UMISSETA. Katika viwanja hivyo husikika jambo lile lile. Kiungo apokeapo mpira, sauti nyingi humwangukia kwa pamoja: "Piga!" "Toa kushoto!" "Rudisha nyuma!" Naye husita kidogo tu, beki wa upande wa pili hufika, na mpira hupotea. Kisha kijana huyo huitwa mzito, na pengine jina hilo humganda mpaka akaacha mchezo. Hata hivyo, elimu ya ubongo na hesabu zaonyesha kwamba lawama hiyo mara nyingi si ya haki. Kusita huko kuna sababu inayoweza kupimwa, na dawa yake inaweza kufundishwa.

Muda alio nao mchezaji

Ichukuliwe kwamba beki yuko umbali wa mita 3 kutoka kwa kiungo, naye anakimbia kwa kasi ya mita 6 kwa sekunde. Umbali ukigawanywa kwa kasi, hupatikana sekunde 0.5. Katika nusu sekunde hiyo kiungo hana budi aone, achague, kisha ausogeze mguu wake.

Mtu mwenye afya huhitaji kiasi cha sekunde 0.2 kuitikia ishara moja anayoitazamia. Ishara zikiwa nyingi, na kila moja ina jibu lake, muda huo hurefuka. Mwaka 1952 mtaalamu wa Uingereza, W. E. Hick, alieleza kanuni ya urefukaji huo: kila mara idadi ya mambo ya kuchagua inapozidishwa kwa mbili, muda wa kuamua huongezeka kwa kiasi kinachokaribia kuwa kile kile. Kwa hiyo kiungo anayepigiwa kelele nane hasaidiwi. Anaongezewa mzigo wakati ule ule ambapo muda wake ni mfupi kuliko wote.

Jambo hili laweza kujaribiwa darasani kwa rula ya mita moja. Mwanafunzi mmoja huishika rula kwa juu, na mwenzake huweka vidole penye alama ya sifuri bila kuigusa. Rula huachiwa ghafla, naye huidaka. Umbali ilioanguka hutoa muda kwa kanuni s = ½gt². Ikianguka sentimita 20, muda ni kama sekunde 0.20, ikianguka sentimita 45, muda ni kama sekunde 0.30. Kisha jaribio hurudiwa kwa rula mbili, moja kwa kila mkono wa mdakaji. Huachiwa moja tu, naye hajui ni ipi. Anatakiwa aidake kwa mkono wa upande huo, na mkono wa pili usifumbe. Wastani wa majaribio kumi ya kila aina hulinganishwa.

Kumtazama mtu mmoja

Wachezaji wa mpira wa Kimarekani hukabili tatizo hili hili. Huko shambulio huanzia kwa mchezaji aitwaye kwotabeki, na mchezo husimama baada ya kila shambulio, hata kocha akapata nafasi ya kuchagua mpango unaofuata. Katika baadhi ya mipango hiyo mlinzi mmoja huachwa kwa makusudi bila kuzuiwa. Kwotabeki hapaswi kuwachunguza walinzi wote kumi na mmoja; humtazama huyo mmoja tu. Mlinzi akimwendea yule anayetaka kupewa mpira, kwotabeki hubaki nao na kukimbia mwenyewe. Mlinzi akimwendea kwotabeki, mpira hukabidhiwa mwenzake. Lolote alifanyalo mlinzi huyo, nafasi hufunguka upande mwingine. Kocha amechagua swali, na mchezaji hulijibu.

Mpira wa miguu hausimami namna hiyo, lakini hekima ni ile ile. Washambuliaji wawili wakimkabili beki mmoja, swali ni moja: je, beki amemfuata mwenye mpira, au amebaki na mwenzake? Akimfuata mwenye mpira, pasi itolewe. Akibaki, mwenye mpira asonge mbele. Chaguo nane zimekuwa mbili.

Swali hilo lastahili kuulizwa kabla mpira haujafika mguuni. Pasi ya mita 15 inayokwenda kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde huchukua sekunde 1.5 njiani, yaani mara tatu ya muda atakaoachiwa na beki. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, alichunguza picha za video za wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza, akaona kwamba wale wanaogeuza kichwa mara nyingi zaidi kutazama kabla ya kupokea mpira hufikisha pasi zao kwa mafanikio zaidi. Katika kiwanja cha udongo, ambapo mpira hurukaruka na kudai macho, kugeuka mapema kuna faida kubwa zaidi, kwa sababu sehemu ya mwisho ya safari ya mpira haina budi kutazamwa.

Hesabu ya kuchagua upande

Liko pia swali la mwalimu mwenyewe: timu ishambulie upande gani? Na ichukuliwe timu ya mfano yenye winga hodari wa kulia. Akikabwa vizuri, mashambulio 4 kati ya 10 ya upande wake hufaulu. Asipokabwa hivyo, hufaulu 6. Upande wa kushoto, ukikabwa hufaulu 2, na ukiachwa hufaulu 6.

Timu hiyo ikishambulia kulia daima, wapinzani watatambua na kukaba huko. Katika mashambulio 30 yatafaulu 12. Lakini ikishambulia kulia mara 20 na kushoto mara 10, bila mpangilio unaoweza kukisiwa, yatafaulu kama 14, wapinzani wakabe upande wowote. Mwanafunzi anaweza kuhakikisha kwa kuzidisha: wakikaba kulia ni 8 na 6, wakikaba kushoto ni 12 na 2. Kwa hiyo upande dhaifu nao una kazi, kwani huwazuia wapinzani wasirundikane upande wenye nguvu.

Msingi wa hesabu hii uliwekwa na John von Neumann mwaka 1928. Mwaka 2003 Ignacio Palacios-Huerta alichapa uchunguzi wa mikwaju ya penalti zaidi ya 1,400, akaonyesha kwamba wapigaji wa kulipwa huchanganya pande karibu sana na hesabu hiyo inavyotaka.

Funzo la bao

Butiama ni mahali alipozaliwa na alipozikwa Mwalimu Julius Nyerere, ambaye alijulikana kwa kuupenda mchezo wa bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mgeni akilitazama huona kete tupu. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon walieleza uchunguzi wao juu ya mchezo wa sataranji. Bingwa alipoonyeshwa kwa sekunde chache mpangilio uliotoka katika mchezo halisi, aliukumbuka vizuri kuliko mwanafunzi. Lakini vipande vilipotawanywa ovyo, ubora wake karibu wote ulitoweka. Hakuwa na macho makali zaidi. Alikuwa amekwisha kuona mipangilio mingi ya namna hiyo, akajifunza kuitambua.

Vivyo hivyo kiungo mwepesi wa kuamua hupatikana kwa mazoezi. Mwalimu wa michezo anaweza kuweka washambuliaji wawili dhidi ya beki mmoja katika eneo la mita 10 kwa 15, na kurudia mara nyingi kila wiki. Kisha watatu dhidi ya wawili. Mpira unapochezwa, wote wanyamaze. Shambulio likiisha, mwalimu asimwulize mchezaji kwa nini ameupoteza mpira, bali amwulize: "Yule beki alikuwa wapi?" Kijana akiweza kujibu, ameanza kuona, hata kama pasi yake haikufika. Asipoweza, afundishwe kutazama kabla ya kuitwa mzito.