Dawa Inayoisha Ikiwa Njiani

Tuseme hospitali ya rufaa ya Voi ina mashine ya PET ya kupiga picha na imeagiza dawa yake ya mionzi, fluorini-18, kutoka Nairobi, ambako Hospitali ya Aga Khan na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta zina saiklotroni za kuitengeneza. Gari linashika barabara ya Mombasa, kilomita zipatazo 330, linabanwa na malori Mtito Andei kama kawaida, linafika baada ya saa tano na nusu. Fluorini-18 hupungua nusu kila dakika 110. Kilichofika Voi ni moja ya nane ya kilichopakiwa.

Na hiyo ni ya kupiga picha tu.

Ya kutibu ni nyingine, kama iodini-131. Tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, huvuta iodini yoyote inayoingia mwilini, iwe ya chumvi au ya mionzi, na seli za saratani yake mara nyingi hubaki na uchu huo hata zikishahamia mapafuni. Baada ya upasuaji wa kuiondoa tezi, mgonjwa huzinyima iodini wiki moja au mbili: hali samaki wa baharini wala chumvi ya dukani, ambayo kisheria hutiwa iodini. Kisha humeza kidonge kilichotolewa kwenye kikopo cha risasi. Seli zenye njaa hukidaka, na mionzi inayoziua haifiki mbali zaidi ya milimita mbili hivi.

Iodini-131 hupungua nusu kwa siku 8, hivyo huvumilia ndege. Lazima ivumilie, maana hutengenezwa kwenye vinu vya nyuklia na Kenya haina hata kimoja. Vinu vyenyewe ni vikongwe: cha Petten, Uholanzi, kiliwashwa 1961, SAFARI-1 cha Afrika Kusini, 1965. Kinu cha Chalk River, Kanada, kilipovuja mwaka 2009 kikazimwa zaidi ya mwaka mmoja, hospitali za mabara mengi zilikosa dawa za mionzi za vipimo. Kuweka akiba hakuwezekani. Shehena ikikwama forodhani siku tatu, karibu robo ya dawa imekwisha.

Mgonjwa wa Wundanyi, milimani karibu na Voi, naye hulazimika kuifuata dawa Nairobi. Akiruhusiwa kutoka, bado anatoa mionzi kidogo: alale peke yake siku kadhaa, asipakate mtoto, asikae muda mrefu bega kwa bega na mtu yuleyule. Mwenye gari lake hutii bila taabu. Kwenye matatu ya watu 14, atahamia wapi? Treni ya SGR ina nafuu, angalau mtu aweza kuinuka. La sivyo ni kulala Nairobi siku za ziada, kwa bili ambayo haimo kwenye bei ya kidonge.